Amarwa ya Gusii: Pombe ya wimbi, wapishi wake na leseni isiyowafikia

Amarwa huchukua takriban siku kumi kuiva, na yakishaiva hudumu siku mbili au tatu tu. Taabu yote ya mpishi iko katika siku hizo. Pipa likianza kutoa povu halifichiki tena: harufu ya uchachu huvuka ua na kufika barabarani, wateja huanza kuulizia, na chifu naye ana pua. Likimwagwa siku hiyo, kinachotiririka mtaroni ni wimbi la msimu mzima, kuni, maji yaliyotekwa mtoni na, mara nyingi, karo ya muhula.

Hivyo ndivyo misako inavyoishia katika vilima vya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Mapipa hupinduliwa, sufuria huchukuliwa kuwa vielelezo, na mwenye boma hupelekwa kituoni pamoja na waliokamatwa kwa chang'aa, pombe kali ya mvuke. Katika taarifa ya jioni vyote huitwa kwa jina moja: pombe haramu.

Hata hivyo, vitu hivyo viwili vinatofautiana kwa namna ya kupikwa, kwa ukali na kwa historia. Amarwa ni pombe nzito ya nafaka, rangi yake kahawia inayoelekea wekundu, ladha yake chachu, na kilevi chake ni kidogo. Gusii haina shamba la mizabibu wala pishi la mvinyo lenye jina. Kinywaji chake kikuu ni hiki, na mafundi wake ni wanawake ambao hakuna lebo inayowataja.

Wimbi kabla ya mahindi

Wimbi, ambalo kwa Ekegusii ni obori na Tanzania huitwa ulezi, ni nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia, na imelimwa huko kwa maelfu ya miaka. Kabla ya mahindi kuenea, ndiyo iliyokuwa chakula kikuu cha Abagusii. Obokima, yaani ugali, ulikuwa wa wimbi. Uji wa mgonjwa na wa mzazi ulikuwa wa wimbi. Pombe nayo ilikuwa ya wimbi.

Punje ya wimbi ni ndogo mno, hata wadudu wa ghalani hawapati pa kupenya, kwa hiyo mavuno yaliyokaushwa vizuri huweza kukaa miaka kadhaa bila kuharibika. Gramu 100 za wimbi zina takriban miligramu 350 za kalsiamu, kiasi ambacho mahindi hayakikaribii. Kwa mpishi wa pombe, hata hivyo, sifa kubwa ni nyingine. Wimbi likioteshwa hutoa kwa wingi vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na kwa kazi hiyo ni miongoni mwa nafaka bora kabisa za nchi za joto. Ndiyo sababu Wachaga wanaopika mbege kwa ndizi hawawezi kuacha kimea cha ulezi, na wapishi wa busaa wa Magharibi mwa Kenya hutia kimea cha wimbi hata wanapotumia unga wa mahindi.

Nafaka hiyo ilikuwa pia mtaji wa biashara. Mwanahistoria William Robert Ochieng', katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu historia ya Gusii kabla ya ukoloni, alieleza jinsi watu wa milimani walivyobadilishana mazao na jirani zao Wajaluo, ambao walileta mifugo na vyungu. Basi pombe ya Mgusii mara nyingi ilikaa katika chungu cha Mjaluo.

Amarwa yalikuwa pia malipo ya kazi. Abagusii walikuwa na vikundi vya kulimiana: egesangio, kikundi kidogo cha watu wanaozungukiana mashamba kwa zamu, na risaga, mwito mpana wa majirani kwa kazi kubwa ya siku moja. Aliyeita risaga alitarajiwa kuwa na chungu tayari jua likipinda. Robert na Barbara LeVine, wanaanthropolojia kutoka Marekani waliokaa Gusii kuanzia mwaka 1955 hadi 1957 na kuchapisha kitabu mwaka 1966, walikuta pombe ikiwa bado katikati ya maisha ya wazee: kwenye kazi za pamoja, kwenye harusi, kwenye matambiko ya mababu na kwenye mabaraza ya kusuluhisha ugomvi.

Kilichoyasukuma amarwa pembeni kwanza hakikuwa sheria. Ni ardhi. Kahawa iliruhusiwa kwa wakulima Waafrika wa Kisii katika miaka ya 1930, mapema kuliko karibu kila mahali nchini. Pareto ikafuata, kisha chai mwishoni mwa miaka ya 1950. Mahindi yakachukua shamba la chakula kwa sababu yanazaa zaidi kwa ekari na hayahitaji mtu wa kushinda akifukuza ndege. Wimbi hupaliliwa kwa kuinama, gugu moja moja, na huvunwa suke kwa suke kwa kisu.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, na Kisii ina wakazi zaidi ya 900 kwa kila kilomita ya mraba. Penye msongamano huo, kipande kilichobaki baada ya chai, ndizi na nyasi za ng'ombe ni kidogo, na wimbi hupata ukingo wake. Wapishi wengi leo hununua wimbi sokoni kwa gorogoro, tena kwa bei inayozidi ya mahindi.

> Aliyeita risaga alitarajiwa kuwa na chungu tayari jua likipinda.

Siku kumi za kazi

Kazi huanza na kimea. Wimbi husafishwa, hulowekwa usiku mmoja, kisha hutiwa kwenye gunia au kufunikwa kwa majani ya mgomba mahali penye joto. Kwa siku tatu au nne hunyunyiziwa maji na kugeuzwa ili lisishike ukungu. Vichipukizi vikitokeza, huanikwa juani hadi vikauke na kusagwa. Hapa ndipo fundi hutofautiana na mwanafunzi. Kimea kilichoanikwa mapema hakina nguvu, na kilichocheleweshwa hula sukari yake chenyewe kwa kukua.

Pembeni, unga hukandwa kwa maji hadi uwe donge gumu. Zamani ulikuwa wa wimbi au mtama, na leo aghalabu ni wa mahindi. Donge hilo huachwa siku mbili, tatu au zaidi lichachuke. Bakteria wa asidi ya maziwa, wale wale wanaogandisha mala, huongezeka ndani yake na kulitia ukali ambao vijidudu vingi vya maradhi haviwezi kuuvumilia. Mpishi hahitaji kuwajua kwa majina. Hunusa, na pua humwambia.

Kisha huja hatua inayoipa pombe hii rangi na tabia yake: kukaanga. Donge lililochachuka humegwamegwa juu ya bati au karai pana lililowekwa kwenye moto, likageuzwa kwa koleo au mwiko mrefu saa kadhaa, hadi chembe zote ziwe kahawia na zitoe harufu ya mkate uliokaribia kuungua. Moto huo huivisha wanga ili vimeng'enya vya kimea viweze kuufikia. Ni kazi ya moshi na mgongo, na ndiyo inayokula kuni kuliko zote.

Chembe zilizokaangwa hupoozwa, hutiwa katika chungu au pipa pamoja na maji, na kimea kilichosagwa huongezwa. Vimeng'enya huvunja wanga, hamira huanza kula sukari, na kwa siku mbili hadi nne pipa huchemka bila moto. Hakuna anayenunua hamira dukani. Huja na kimea chenyewe na kwa mabaki ya chungu cha awali, ambacho wapishi wengi hawakisugui sana kwa sababu hiyo. M. J. R. Nout, aliyechapisha mwaka 1980 utafiti wake juu ya busaa ya Kenya, pombe inayopikwa kwa njia kama hii, aliikuta humo hamira ya Saccharomyces cerevisiae, ile ile inayotumiwa na waoka mikate na wapishi wa bia duniani kote, ikiwa pamoja na hamira nyingine na kundi kubwa la bakteria wa uchachu.

Kilevi kinachopatikana kwa kawaida ni kati ya asilimia 2 na 4. Tusker ya chupa ina asilimia 4.2, mvinyo wa zabibu huwa karibu na 12 au 13, na pombe kali za chupa hufika 40. Mnywaji wa amarwa akilewa, amelewa kwa wingi wa vikopo na urefu wa kikao.

Namna ya kunywa ni mbili. Ya zamani ni ya chungu kimoja katikati na wazee kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio nchani, huku maji ya moto yakiongezwa kadiri pombe inavyopungua. Pombe hapo haichujwi, na mashapo hukaa chini ya chungu. Namna ya pili ni ya kuuza: pombe hukamuliwa kwa gunia au kitambaa na kupimwa kwa mkebe, mara nyingi ule uliokuwa wa mafuta ya kupikia ya Kasuku. Machicha yanayobaki huenda kwa nguruwe au ng'ombe.

Mrija ulikuwa na nidhamu yake. Chungu kilikuwa cha wazee, na kijana hakuwa na nafasi ya kujisogezea kiti pale. Mkebe haumuulizi mtu umri. Malalamiko mengi ya leo dhidi ya ulevi wa vijana yanaanzia kwenye badiliko hilo la chombo kuliko kwenye pombe yenyewe.

Mvinyo wa altare na kikombe cha Wasabato

Mtu anayeingia Gusii akitafuta mvinyo mwekundu wa zabibu ataupata hotelini, kwenye maduka makubwa ya mjini Kisii, na kwenye altare. Wamisionari Wakatoliki walifungua kituo cha Nyabururu, nje kidogo ya mji, mwaka 1911. Jimbo la Kisii liliundwa mwaka 1960, na askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, ambaye baadaye alikuja kuwa kadinali. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mvinyo wa misa uwe wa zabibu halisi na usioharibika. Pombe ya wimbi, hata ikiwa safi namna gani, haiwezi kukaa kwenye kalisi.

Waadventista Wasabato walifika ukanda huu kupitia Gendia, kando ya Ziwa Viktoria, mwaka 1906, na kutoka huko wakapanda milimani hadi Nyanchwa. Kanisa lao, ambalo leo ni mojawapo ya makubwa kabisa Gusii, limekataza kileo cha aina yoyote. Hata katika meza ya Bwana hutumia maji ya zabibu yasiyochachuka.

Katazo hilo lilibadili uchumi wa boma. Familia iliyobatizwa iliacha kupika, na iliyoacha kupika haikuweza tena kuita risaga kwa njia ya zamani. Chai na soda zikachukua nafasi ya chungu. Wapo wanaoona kwamba hapo ndipo kazi ya pamoja ilipoanza kulipwa kwa pesa taslimu, ingawa pesa ya kahawa na chai ilikuwa tayari inasukuma upande huo huo.

Hoja ya makanisa haipaswi kupuuzwa kama ushamba wa kimisionari. Wanaosimama kanisani na kulaani pombe ni pamoja na wanawake waliozika waume kwa ulevi, au waliofuata bonasi ya majani chai na kukuta imekwisha kwa mama pima, yaani muuza chang'aa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 wa NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria kwamba Mkenya mmoja kati ya kila wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 anatumia kileo. Magharibi mwa nchi, sehemu kubwa ya kileo hicho hutoka mafichoni.

Kutoka amri ya chifu hadi sheria ya Mututho

Serikali ya kikoloni ilishughulikia pombe za Waafrika kwa jicho la kazi na kodi. Sheria iliyompa chifu madaraka ilimruhusu kutoa amri za kuzuia au kupunguza upikaji na unywaji katika eneo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, baraza la mji wa Nairobi lilijipa ukiritimba wa kuwapikia Waafrika pombe huko Pumwani na kutumia faida yake kwa huduma za mtaa. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1922, Kenya Breweries ilianzishwa. Mwafrika hakuruhusiwa kununua bia ya chupa hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Baada ya Uhuru sura ilibadilika kuliko kiini. Vilabu vya busaa vilivyokuwa na leseni vilifungwa katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, na mwaka 1980 chang'aa ikapigwa marufuku kwa sheria yake maalumu. Kilabu kilikuwa na mlango, saa za kufungua na mkaguzi wa afya. Kilipofungwa, pombe haikukoma. Ilihamia jikoni, ikawa mali ya usiku.

Marufuku hiyo iliondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, inayojulikana zaidi kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Watu wengi wanaikumbuka kwa saa zake: baa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na saa nane mchana wikendi na sikukuu, na kufungwa saa tano usiku. Wachache wanakumbuka kwamba ilifuta Sheria ya Kuharamisha Chang'aa na, kwa maandishi, ikafungua njia kwa mpishi yeyote kuomba leseni.

Njia hiyo ni nyembamba. Anayetaka kutengeneza kileo kihalali sharti awe na leseni, kiwanda kinachokaguliwa, viwango vya KEBS (shirika la viwango), chombo kisichopungua mililita 250 chenye maonyo ya afya, na stempu ya ushuru ya KRA (mamlaka ya ushuru). Yote hayo yana maana kwa pombe ya chupa. Kwa kinywaji kilicho hai, kinachoendelea kuchachuka kikiwa ndani ya mkebe na kuharibika baada ya siku tatu, hayatekelezeki bila kukigeuza kuwa kitu kingine. Kukifunga ni kukipasua chombo, na kukichemsha ili kitulie kunahitaji mitambo ambayo mama wa Nyansiongo au Ogembo hawezi kuinunua kwa faida ya pipa moja.

> Kilabu kilipofungwa, pombe haikukoma. Ilihamia jikoni, ikawa mali ya usiku.

Katiba ya 2010 iliongeza tabaka jingine. Jedwali lake la Nne linazipa kaunti kazi ya kutoa leseni za vileo. Ubora wa bidhaa, ushuru na polisi vikabaki kwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo karatasi ya kaunti pekee haimwokoi mpishi mbele ya ofisa wa ushuru, na chifu, ambaye ni mtumishi wa serikali ya kitaifa, haulizi kaunti kabla ya kupindua pipa.

Kilichoua si wimbi

Sehemu kubwa ya woga wa umma hutokana na vifo, na vifo hivyo ni vya kweli. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe yenye sumu. Mei 2014 vifo vya aina hiyo vilitokea katika kaunti kadhaa kwa mpigo. Februari 2024 watu 17 walifariki Kangai, Kirinyaga, na mwezi uliofuata serikali ikatangaza msururu wa hatua kali za kudhibiti vileo kote nchini.

Sumu inayotajwa mara kwa mara katika visa hivi ni methanoli. Ni muhimu kujua inakotoka. Methanoli ya asili hutokana na pektini, ambayo iko kwa wingi katika matunda na kwa uchache sana katika nafaka. Pombe ya wimbi iliyochachuka kwa kawaida haina kiasi cha kumpofusha mtu. Vifo vya umati huja pale mfanyabiashara anapotia kemikali ya viwandani kwenye pombe ili kuikoleza kwa gharama ndogo.

Chang'aa yenyewe ni mgeni kwa kulinganisha. Ufundi wa kukusanya mvuke na kuupooza uliletwa na askari wa Kisudani waliokaa Kibera, na kwa muda mrefu pombe hiyo iliitwa jini ya Wanubi. Gusii iliipokea vizuri kwa sababu iko jirani na mashamba ya miwa: sukari nguru inayochemshwa Mugirango Kusini na Transmara ni malighafi ya bei nafuu. Na chang'aa ina faida ambayo amarwa hayana. Haiharibiki, hubebwa kwa jerikeni, na huuzika kwa kipimo kidogo.

Hapa misako imefanya kazi kinyume na nia yake. Palipo na hatari ya kukamatwa, muuzaji huchagua bidhaa ndogo, kali na rahisi kuficha. Pipa la lita 200 la amarwa ni mzigo wa hatari, ilhali chupa tano za chang'aa huingia chini ya kitanda. Askari anayewachukulia wapishi wote wawili kuwa sawa anamsogeza wa kwanza kuelekea biashara ya wa pili.

Amarwa nayo yana hatari zake ambazo watetezi wake hawapendi kuzitaja. Mahindi yaliyoota ukungu, ambayo hayafai tena kwa ugali, huonekana kuwa mazuri kwa pombe, na sumu ya aflatoksini haiondolewi kabisa na uchachu wala moto wa bati. Mwaka 2004 sumu hiyo ndani ya mahindi iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Maji ya mto yasiyochemshwa, mapipa yaliyowahi kubeba kemikali na mikebe inayopita midomo kumi bila kuoshwa ni mambo ambayo mkaguzi wa afya angeyarekebisha kwa asubuhi moja, kama angeruhusiwa kuingia kwa amani.

Njia za wengine

Nchi jirani zimewahi kukabiliana na swali hili. Uganda, katika miaka ya 1960, ilipitisha sheria ya enguli iliyowataka wapishi wa vijijini wauze pombe yao kwa kiwanda kimoja kilichoisafisha na kuitia kwenye chupa. Uganda Waragi ilizaliwa hapo. Mpango huo haukuua upikaji wa kienyeji, lakini uliupa taifa bidhaa yenye jina.

Kusini mwa Afrika, Chibuku ilionyesha kwamba pombe nzito ya mtama na mahindi inaweza kutengenezwa kiwandani na kuuzwa ikiwa bado inachachuka, ndani ya pakiti inayoruhusu hewa kutoka. Tanzania iliipokea, na imeuzwa huko kwa miongo kadhaa. Arusha, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza pombe ya ndizi ya chupa tangu miaka ya 1990. Kwa Kisii, mojawapo ya kaunti zinazoongoza Kenya kwa ndizi, mfano huo ungestahili safari ya maofisa wa kilimo kuliko nyingi wanazosafiri.

Dodoma nako, zabibu zilizoanzia katika mashamba ya wamisionari zilipewa kituo cha utafiti Makutupora na kiwanda cha umma, na mvinyo mwekundu wa eneo hilo ukapata jina sokoni. Karibu na Naivasha, Rift Valley Winery imepanda mizabibu na kuuza mvinyo wake kwa jina la Leleshwa, kichaka kinachoota kwa wingi Bonde la Ufa. Zabibu ni mgeni katika nchi zote mbili, lakini sheria ilimkaribisha kwa sababu alikuja na chupa, kizibo na anwani.

Kenya imefanya kitu cha kufanana na nafaka pia, ila kwa kampuni kubwa. Mwaka 2004 ilikubali kupunguza ushuru wa Senator, bia ya keg inayotumia mtama wa wakulima wa ndani, kwa hoja kwamba mlevi wa chang'aa angehamia kwenye kinywaji salama. Msamaha huo ulipokatwa kwa nusu mwaka 2013, mauzo yaliporomoka vibaya na wakulima wa mtama wakakosa soko, hadi ulipoongezwa tena mwaka 2015. Kiwanda cha Kisumu, kilichofungwa mwaka 2003, kilifunguliwa upya mwaka 2019 kwa ajili ya bia hiyo. Kutoka Kisii ni safari ya saa chache.

Serikali, basi, imekwisha kukubali kanuni: pombe nafuu ya nafaka, ikikaguliwa na kutozwa ushuru mdogo, ni afadhali kuliko chang'aa. Kilichobaki ni kwamba kanuni hiyo inamhusu mwenye pipa la chuma na haimhusu mwenye chungu.

> Kanuni ya bia nafuu ya nafaka inamhusu mwenye pipa la chuma na haimhusu mwenye chungu.

Kilicho mikononi mwa kaunti

Bila kungoja Nairobi, Kisii na Nyamira zina mambo matatu ya karibu. La kwanza ni mbegu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko mjini Kisii, na aina za wimbi zinazozaa vizuri, kama P-224, U-15 na Gulu-E, zimejulikana kwa wakulima wa magharibi kwa miaka mingi. Soko la unga wa uji linakua, na mkulima anayelima kwa ajili ya uji ndiye yule yule anayetoa kimea.

La pili ni rejista. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 inazitaka serikali za kaunti ziandikishe maarifa ya jamii zao. Ufundi wa kukaanga donge na wa kukijua kimea kwa jicho unaangukia humo bila ubishi. Uandikishaji hautoi leseni ya kuuza, lakini humweka mpishi katika daftari tofauti na la polisi.

La tatu ni gumu zaidi: leseni ya kilabu. Kaunti inaweza kupendekeza daraja la pekee la pombe ya nafaka isiyotokana na kukusanya mvuke, inayopikwa na kunywewa mahali pamoja, kwa kipimo kinachojulikana, maji yaliyochemshwa na saa za mchana. Daraja kama hilo lingehitaji ridhaa ya NACADA, ya KEBS na ya wizara inayosimamia machifu, na lingekutana na upinzani wa makanisa katika kila ukumbi wa ushirikishwaji wa umma kutoka Keroka hadi Suneka. Madiwani wanaijua hesabu hiyo. Waumini hupiga kura wakiwa wengi na kwa pamoja, ilhali wapishi wa amarwa hawana chama, hawana ofisi, na wanaogopa kujitambulisha hadharani kwa kazi wanayoifanya.